Shokapu ya baiskeli imekufa: ununue kubwa zaidi au ufunge foku ngumu?

Msikilizaji wetu mmoja wa Ihembe, wilayani Karagwe, ametutumia ujumbe kuhusu baiskeli yake. Ni ya gia, ya mtumba, zile ambazo wengi huziita mauntini. Shokapu ya mbele imekufa. Akibonyeza usukani inazama na kubaki chini, na akishika breki ya mbele anasikia kitu kinagonga. Fundi amempa habari ya shokapu nyingine, ndefu zaidi, iliyotoka kwenye baiskeli ya bei mbaya. Inauzwa karibu nusu ya fedha aliyonunulia baiskeli nzima. Anauliza: akiifunga hiyo, je, baiskeli itashuka mteremko na mikungu ya ndizi kwa usalama zaidi?

Hewani tulijibu kwa kifupi mno. Tumeona tuliandike jibu kamili, ili mtu aweze kulisoma akiwa kwa fundi, simu mkononi, kabla hajatoa fedha.

Jibu lenyewe ni hili. Kama baiskeli hiyo ndiyo inayobeba ndizi, madumu ya maji na magunia ya kahawa, usinunue shokapu kubwa. Fedha iende kwanza kwenye breki, tairi na ringi. Shokapu iliyopo ikiwa haitengenezeki, funga foku ngumu ya chuma inayolingana na fremu. Kama baiskeli haibebi mzigo na wewe ni mtu wa mwendo kwenye njia za mawe, hapo kuna mjadala, na tutaufikia.

Shokapu inafanya kazi gani hasa

Foku, au uma wa mbele, ni ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Shokapu ni foku ambayo miguu yake ina springi ndani. Kazi yake ni kuliacha gurudumu lipande na kushuka kwenye mashimo bila kurusha mikono na usukani, na kulifanya tairi lisiache kugusa ardhi. Tairi likiwa hewani halina breki wala kona. Hiyo ndiyo faida yake, na ni faida ya kweli.

Lakini shokapu haikuundwa kuongeza uwezo wa kubeba. Watu wengi wanaifikiria kama springi za lori, kwamba zikiwa nene ndivyo mzigo unavyoongezeka. Kwenye baiskeli mambo ni kinyume. Mrija unaoteleza ndani ya mrija mwingine una nafasi ya kucheza, una vibushi vya plastiki vinavyolika, na una mahali pa kuingia vumbi na maji. Foku ngumu haina hata kimoja cha hivyo.

Tuchukue hesabu ya kawaida. Mikungu mitatu ya kilo 25 ni kilo 75. Mpandaji ana kilo 65. Baiskeli na keria yake tuseme kilo 18. Jumla ni kilo 158. Sasa, kampuni ya Trek ya Marekani, kwa baiskeli zake nyingi za milimani, huweka kikomo cha kilo 136 kwa baiskeli, mpandaji na mzigo vikiwa pamoja. Hiyo ni baiskeli mpya, ya kampuni inayojulikana. Ya mtumba yenye shokapu ya bei ya chini haiwezi kuwa imara kuliko hiyo.

Halafu kuna mteremko wenyewe. Ukishika breki, uzito hukimbilia mbele. Foku ngumu inabaki na urefu wake. Shokapu hupiga magoti: mbele inashuka, nyuma inainuka, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na wakati huohuo mikungu iliyofungwa nyuma inakusukuma. Kwenye barabara ya changarawe, wakati wa kiangazi mawe madogo yanapozunguka chini ya tairi kama gololi, hapo ndipo watu hupoteza meno. Kupanda nako kuna gharama yake. Unaposukuma baiskeli yenye mzigo ukiwa umeegemea usukani, sehemu ya nguvu zako inaishia kuzamisha springi badala ya kusogeza mzigo.

Na anayelalamika mgongo ajue kwamba shokapu ya mbele haitamsaidia sana. Umeketi karibu na gurudumu la nyuma, na shokapu ipo mbele. Inapunguza maumivu ya viganja na mabega. Mgongo na makalio husaidiwa na siti yenye springi, kama zile za Phoenix za wazee wetu, na kusimama kidogo kwenye pedali unapofika kwenye shimo. Siti hiyo ni rahisi mno ukilinganisha na shokapu yoyote.

Shokapu si aina moja

Zile zinazokuja na baiskeli za bei ya chini huwa na springi ya chuma na kipande cha mpira, basi. Hazina oili ya kupunguza kasi ya springi inaporudi, kwa hiyo hudunda. Nyingi zina uzito wa kilo mbili na nusu hadi tatu, wakati foku ngumu ya chuma ni kama kilo moja. Mtu amebeba kilo moja na nusu ya ziada kila siku kwa ajili ya kitu ambacho, baada ya msimu mmoja wa mvua na tope jekundu, mara nyingi hakisogei tena.

Zile nzuri zina oili, na nyingi zina upepo mahali pa springi. Zinafanya kazi vizuri sana. Shida ni matunzo. RockShox, mmoja wa watengenezaji wakubwa, kwa shokapu zake nyingi huelekeza miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na kuwekwa oili mpya kila baada ya saa 50 za kuendesha, na sehemu za ndani zaidi kila saa 200. Mtu anayeendesha saa mbili kwa siku anamaliza saa 50 ndani ya siku 25. Je, mipira ya kuzuia oili ya aina hiyo utaipata Kayanga au Omurushaka kila mwezi? Zile za upepo zinahitaji pia pampu yake maalumu, ndogo na yenye mgandamizo mkubwa. Pampu ya kawaida ya fundi haiwezi kuzijaza ipasavyo, na upepo ukipungua shokapu inalala chini na kubaki hivyo.

Ndiyo maana ile shokapu ya bei mbaya inayouzwa mtumba ina swali moja la kumuuliza muuzaji: ilifunguliwa lini mara ya mwisho? Asipojua, nawe hujui unachonunua.

Wanaotengeneza shokapu walichagua nini kwa mzigo

Kuna jambo ambalo tunaona linatoa ushahidi kuliko maneno yetu. RockShox ilianza mwaka 1989, na mwaka 2002 ilinunuliwa na SRAM, kampuni ya Chicago. Mmoja wa waanzilishi wa SRAM ni F.K. Day. Huyohuyo, pamoja na mkewe Leah Missbach Day, walianzisha shirika la World Bicycle Relief mwaka 2005, baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi. Shirika hilo linaunda baiskeli kwa ajili ya vijiji vya Afrika, inaitwa Buffalo, yaani nyati. Inaonekana Kenya, Zambia, Malawi na kwingineko, ikibeba maziwa, wanafunzi na wahudumu wa afya. Keria yake imeundwa kubeba kilo 100.

Mtu ambaye kampuni yake inamiliki kiwanda cha shokapu angeweza kuifungia nyati shokapu ya aina yoyote. Hakufanya hivyo. Nyati ina foku ngumu ya chuma, ringi imara na tairi nene.

Jirani zetu ng'ambo ya Mto Kagera nao waliona kitu kama hicho. Tom Ritchey, mmoja wa Wamarekani waliotengeneza baiskeli za kwanza za milimani kule California miaka ya 1970, alikwenda Rwanda mwaka 2005. Baadaye akabuni baiskeli ya wakulima wa kahawa, yenye sehemu ya nyuma ndefu ya kulaza magunia. Alichokirefusha ni nyuma, mahali mzigo unapokaa.

Lakini Rwanda hiyohiyo ilimtoa Adrien Niyonshuti, aliyeshindana mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Mtu wa namna hiyo anaihitaji shokapu, na nzuri. Hana mzigo, anakwenda kasi kwenye mawe na mizizi, na ana fundi wa kuifungua shokapu kwa ratiba. Kijana wa Ihembe anayependa mbio, au mtu anayeendesha masafa marefu kila siku bila mzigo na viganja vimeanza kufa ganzi, yuko karibu na Niyonshuti kuliko na mbeba ndizi. Kwake tunasema: nunua ukiweza kuitunza, na kama fremu inaikubali. Tatizo la kweli ni baiskeli moja yenye kazi zote mbili, kijana akiichukua jioni na baba akiibebesha asubuhi. Hapo mzigo ndio unaoamua, kwa sababu ndio unaovunja.

Kabla ya kutoa fedha, pima

Iwe unanunua shokapu au foku ngumu, vipimo ni vilevile. Chukua rula au futi ya fundi cherehani.

Cha kwanza ni unene wa bomba la foku linaloingia kwenye kichwa cha fremu. Baiskeli nyingi za gia za 26 zina bomba la milimita 28.6. Phoenix na ndugu zake zina la milimita 25.4. Hapa ndipo kosa kubwa linafanyika: fundi anachukua foku ya Phoenix kwa sababu ni ngumu na inapatikana, anaingiza kipande cha bati ili kujaza nafasi, na baiskeli inaondoka. Bati hilo hulegea. Isitoshe, foku ya Phoenix ni ya gurudumu la 28 na haina mahali pa kufungia breki za pembeni za baiskeli ya gia, kwa hiyo mtu anabaki na breki ya nyuma peke yake. Kwa mteremko wenye mzigo, hatushauri kabisa. Baiskeli mpya zaidi zina bomba lililo jembamba juu na nene chini, karibu milimita 38. Foku yenye bomba hilo haiingii kwenye fremu ya zamani.

Cha pili ni urefu wa bomba hilo. Foku za mtumba zimekwisha kukatwa kulingana na fremu zilikotoka. Likiwa fupi kuliko la kwako, achana nayo. Kuungia kipande kwa kuchomelea ni kujichongea jeneza. Angalia pia kama bomba lina hesi au ni laini, maana vikombe vya gololi na shingo ya usukani ni tofauti kwa kila aina.

Cha tatu, kinachosahauliwa na karibu kila mtu, ni urefu wa foku yenyewe, kutoka ekseli hadi pale kikombe cha chini cha gololi kinapokaa. Shokapu ya 26 inayozama sentimita 10 huwa na urefu wa kama sentimita 47. Foku ngumu za baiskeli za zamani za gia huwa kama sentimita 40. Kila sentimita mbili unazoongeza au kupunguza hubadilisha mlalo wa mbele kwa karibu digrii moja. Ukiirefusha, mbele inainuka, gurudumu linatangatanga wakati wa kupanda, na fremu inavutwa nyuma ya kichwa, mahali ambapo nyufa huanzia. Ukiifupisha mno, usukani unakuwa na wasiwasi na pedali zinagonga mawe. Pima ya zamani ukiwa umeketi juu yake kama bado inafanya kazi, kisha tafuta ngumu iliyo karibu na kipimo hicho. Tofauti ya sentimita mbili si tatizo.

Cha nne ni breki. Kama unatumia breki za kubana ringi, foku iwe na vijiti viwili vya kuzifungia. Kama ni za diski, iwe na masikio ya diski upande wa kushoto. Na nenda na gurudumu lako lijaribiwe humo ndani likiwa na tairi lake, lizunguke bila kugusa popote.

Kama shokapu ya zamani bado inaweza kuokolewa

Usikimbilie kuitupa. Zile za bei ya chini mara nyingi hazijafa, zimekwama tu. Chini ya kila mguu kuna boliti. Zikifunguliwa, miguu ya nje inavutika, unasafisha kutu na tope, unapaka grisi safi, unarudisha. Usimwagie dizeli wala oili chafu ya injini, kwa sababu mipira ya ndani huvimba na kuharibika. Kazi hii ni ya asubuhi moja.

Ikirudi kufanya kazi, ijaribu kucheza kwake. Simama mbele, bana gurudumu kati ya magoti, geuza usukani kulia na kushoto. Kisha shika breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma huku vidole vyako viko pale mrija wa juu unapoingia kwenye mguu wa chini. Ukihisi mguu unacheza ndani, vibushi vimekwisha. Hamisha vidole hadi kwenye vikombe vya gololi, juu na chini ya kichwa cha fremu, na urudie. Kikicheza hapo, shokapu haina kosa; ni gololi au vikombe vimelegea, kazi ya fedha kidogo. Mgongo unaosikika unaposhika breki, kama wa msikilizaji wetu, unaweza kutoka sehemu yoyote kati ya hizo mbili, na kuna watu wamenunua shokapu nzima kwa ajili ya gololi.

Tumeona pia mbinu ya kujaza vipande vya tairi au mti ndani ya miguu ili shokapu isizame tena. Kwa kurudi nyumbani inafaa. Ila kama vibushi vimekwisha, mti hauzuii miguu kucheza. Na kuchomelea miguu ili isisogee tunaikataa kabisa. Peleka sumaku: isiponata, mguu wa chini ni wa alumini au magnesiamu, na magnesiamu ikipata moto mkali inaweza kuwaka. Ikinata ni chuma, lakini joto la kuchomelea limeshaudhoofisha mrija mwembamba hapo hapo panapobeba nguvu zote.

Mwisho geuza baiskeli, osha pale bomba linapoungana na mabega ya foku, na uangalie kwa mwanga wa tochi ya simu. Mstari mwembamba wa kutu unaozunguka hapo ni ufa. Foku yenye ufa haiendeshwi hata kurudi nayo nyumbani, unaisukuma.

Fedha ikibaki

Kwa mbeba mzigo, tungeanza na mipira ya breki mbele na nyuma, kwa sababu tope letu jekundu linaila haraka na baadaye linaila ringi yenyewe. Halafu waya mpya. Halafu tairi la mbele nene kadiri foku inavyoruhusu, kwa sababu upepo ndani ya tairi ndiyo shokapu ya kwanza ya kila baiskeli, na haihitaji oili. Usilijaze kuliko namba iliyoandikwa ubavuni. Ukishuka bila mzigo punguza kidogo, ukibeba ongeza.

Foku mpya ikishafungwa, endesha siku mbili tatu bila mzigo, kisha rudi kwa fundi akaze vikombe vya gololi na shingo ya usukani, maana hulegea baada ya kukaa sawa. Kama ulifunga shokapu, hakikisha haikugeuzwa nyuma mbele. Masikio ya diski yawe kushoto, vijiti vya breki vitazame mbele.

Na ile ya zamani, ikiwa ina ufa, ikate kwa msumeno kabla ya kuiuza chuma chakavu. Ikifika mnadani ikiwa nzima, kuna mtu atainunua.